Mazoezi ya vyuma yachukue muda gani? Na kati ya seti mnapumzika dakika ngapi?

Fundi_Mwanjelwa

Habari wakuu. Nipo Mbeya mjini, napiga tizi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 12 jioni. Ratiba ni ya mwili mzima: mazoezi 9, kila moja seti 4 (seti ni marudio kadhaa mfululizo, kisha unapumzika). Inanichukua saa 2 na dakika 10, nikitoka daladala za Uyole zimeshaanza kuwa za kuvizia. Pale jimu wanasema ukivuka dakika 45 mwili unaanza kula misuli yake. Mwingine anasema nipumzike sekunde 30 tu misuli isipoe. Kwenye skwati (kuchuchumaa na kusimama na chuma begani) ya kilo 70 napumzika dakika 1 kamili kwa saa ya simu, marudio yanakwenda 10, 7, 5, 4. Mazoezi mengine nakadiria tu. Nataka nguvu na mwili, kukonda sitaki. Nipunguze nini?

Kocha_Mafinga

Mkuu, tupige hesabu kwanza. Seti 36 za sekunde 45 ni dakika 27 za kunyanyua. Kila zoezi la seti 4 lina mapumziko 3, mara 9 ni 27. Yakiwa ya dakika moja moja, dakika 27 nyingine. Kuhama zoezi na kubadili pleti (vile vizito vya kwenye chuma) mara 8, weka dakika 3 kila mara: 24. Kupasha mwili 10. Jumla 88. Wewe unatumia 130. Hizo 42 zimeliwa na foleni, stori na simu, kwa sababu pumziko la kukadiria huwa refu kuliko linavyoonekana. Yaani kwenye zoezi zito unajibana, kwenye mepesi unamwaga muda.

Hiyo 10, 7, 5, 4 inajieleza yenyewe. Seti nzito inaendeshwa zaidi na kreatini fosfeti, akiba ya nishati ya haraka iliyo ndani ya msuli. Ikitumika, karibu nusu hurudi ndani ya nusu dakika au zaidi kidogo, lakini kujaa karibu yote huchukua dakika 3 hadi 5. Ukirudi chini ya chuma baada ya dakika 1, miguu haijajaa na pumzi bado iko juu, kwa hiyo seti ya nne ni mapafu yanayogoma kabla ya paja. Pumzika dakika 3, uzito uleule, uone kama hutapata kitu kama 10, 9, 8. Seti tatu za hivyo ni marudio 27, wakati zako nne ni 26. Umeokoa seti nzima.

Schoenfeld, mtafiti wa mazoezi, na wenzake walilipima jambo hili Marekani, wakachapisha 2016: wanaume 21 waliozoea vyuma, wiki 8, kundi moja likipumzika dakika 1 na jingine dakika 3. Wa dakika 3 waliongeza nguvu zaidi kwenye skwati na benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali), na msuli wa mbele wa paja ukanenepa zaidi.

Ningekupangia hivi. Pasha mwili dakika 5. Skwati panda taratibu: chuma kitupu cha kilo 20 mara 10, kilo 40 mara 5, kilo 55 mara 3, hiyo ni dakika 5 hivi. Kisha seti 3 za kilo 70 kwa pumziko la dakika 3; dakika 8 na ushee. Dakika 3 za kuhamia benchi, na 2 za seti nyepesi. Benchi usilifanye peke yake, lipandanishe na kuvuta dambeli: seti ya benchi, sekunde 90, seti ya kuvuta, sekunde 90, unarudi benchi. Kifua kinapumzika karibu dakika 4 huku mgongo unafanya kazi. Mizunguko 3 ni dakika 12. Hama tena, dakika 3. Dedlifti (kuinama na kuinua chuma) ya miguu iliyonyooka kidogo, seti 3, pumziko dakika 2 na nusu: dakika 7. Dakika 2 za kuhama, halafu baisepsi na traisepsi (misuli ya mbele na ya nyuma ya mkono) kwa kupishana, sekunde 45 katikati, mizunguko 3, dakika 8. Jumla ni kama dakika 55. Mazoezi 6 badala ya 9, na kwa kuwa unarudia mara 3 kwa wiki, kifua peke yake kinapata seti 9. Zinatosha kukua.

Tizi_Tukuyu

Hiyo ya dakika 45 achana nayo. Ilitokana na homoni kupanda na kushuka wakati wa mazoezi, na mpando huo wa muda mfupi hauamui msuli ukue au usikue. Kinachoharibu mazoezi marefu ni cha kawaida zaidi: seti za mwisho unazifanya umechoka, mgongo unapinda, akili iko nyumbani. Sekunde 30 zinafaa kwa tumbo na vigimbi. Kwenye skwati na dedlifti ni kujitafutia kizunguzungu.

Dada_Njombe

Kamwene. Kocha kasahau baridi. Juni na Julai huku Njombe, hata hapo Mbeya, ukikaa dakika 3 kwenye benchi la chuma umeshapoa, ndipo watu wanapofupisha pumziko. Pumziko liache lilivyo, usikae tu. Tembea, sweta livuliwe baada ya seti za kupandia na lirudi begani kati ya seti nzito. Ongeza seti moja nyepesi ya kupandia. Inakula dakika 1 tu.

Jingine ni mwinuko. Mbeya iko karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, na msuli unahitaji oksijeni ili kujijaza upya. Aliyepanda juzi kutoka Dar au Kyela ajiongezee nusu dakika kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Kipimo rahisi: kama huwezi kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi, seti inayofuata bado.

Fundi_Mwanjelwa

Ndaga fijo wakuu. Tatizo, jioni benchi ni moja na watu ni wengi. Nikipandanisha na dambeli, nikirudi nakuta mtu kalala.

Kocha_Mafinga

Basi acha kupandanisha, pokezaneni. Watu watatu kwenye benchi moja: kila seti sekunde 45, kubadili pleti sekunde 30. Ukimaliza, wenzako wawili wanachukua dakika 2 na nusu, na kukupangia wewe nusu dakika. Umepumzika dakika 3 bila kutazama saa, na una wa kukushikia chuma. Mkiwa wawili ni dakika 1 na sekunde 45, hapo ngojeaneni kidogo. Mkiwa wanne mnapita dakika 4, muda unaanza kuvuja. Dambeli utazivuta baadaye kwa pumziko la dakika 2, itakuongezea kama dakika 6.

Tafuta wenzako wa uzito unaokaribiana na wako. Wa kilo 40 akiungana na wa kilo 100, kubadili pleti peke yake kunamaliza jioni. Na kama pleti zenu ni za zege la kwenye makopo, zipimeni kwenye mizani ya mazao na kuziandika kwa rangi, maana makopo mawili yanayofanana huwa yanapishana uzito, na chuma kinalala upande.