Tupeane uzoefu: picha za harusi zenye alama ya familia yenyewe, mlifanyaje na nini kiliwaharibikia?

Mwenyeji wa Ngamiani (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga. Nilioa miaka sita iliyopita, na juzi binti yangu alipokuwa akifunua albamu yetu aliniuliza, "Baba, hapa ni wapi?" Nilikosa jibu la maana. Nyuma yetu palikuwa na bustani ya hoteli, tao la maua ya plastiki na taa za rangi, vitu ambavyo maharusi waliotutangulia Jumamosi walipigwa navyo na waliotufuata Jumapili wakapigwa navyo vilevile. Picha ni safi na mpiga picha hakukosea ufundi wowote, lakini nyumba ya mama yangu haimo, baraza walipokaa wazee siku ya posa haimo, wala haumo mkono wa babu aliyenifunga kilemba.

Sasa mdogo wangu anaoa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na familia imenikabidhi suala la picha. Naomba waliowahi kuingiza mambo yao wenyewe katika picha za harusi watueleze walivyofanya, pamoja na yaliyowaharibikia, kwa kuwa hayo ya pili ndiyo yanayofundisha zaidi.

Mama wa Chumbageni

Waalaykum salaam, mwanangu. Nilipomwoza binti yangu nilimfunika kanga ambayo marehemu mama yangu alinifunika mimi, na jina lake ni "Wema hauozi". Nilimweleza kijana wa picha kwamba kanga hiyo ndiyo kiini cha siku ile, naye akanipigia picha nyingi sana. Zilipokuja hakuna hata moja ambayo jina linasomeka: katika baadhi limejikunja ndani ya vazi, katika nyingine limekatwa na ukingo wa picha, na zile ambazo wapwa zangu walijipiga kwa simu zimegeuza herufi nyuma mbele kama maandishi yanayotazamwa kwenye kioo.

Tuliirudia asubuhi ya pili, nyumbani. Tuliitundika kanga dirishani, upande uliochapwa vizuri ukitazama ndani, jua la asubuhi likapenya kitambaani, binti akasimama kando akiwa ameshika pindo. Jina linasomeka herufi kwa herufi, na pale mama aliposhona tundu la cheche ya mkaa panaonekana kama kidoa cheusi. Ushauri wangu ni kwamba usiseme tu "piga kanga". Mwambie mpiga picha kwamba maneno lazima yasomeke, na asimame mtu wa kuyanyoosha.

Mpiga picha, Tanga mjini

Shikamoo mama. Naomba nikiri kwamba kosa hilo tunalifanya wengi, kwa sababu tunafika nyumbani kwa watu saa ile ile ya shughuli na hatujui kipi kina uzito. Siku hizi naomba familia inikaribishe siku moja au mbili kabla, bila kamera, niketi tu. Kwa namna hiyo niliwahi kukuta katika nyumba moja kwamba kikuba cha bi harusi hakinunuliwi, bali kinatungwa na shangazi wawili usiku wa kuamkia harusi, kwa kuwa asumini hufunguka usiku na mrehani wanao uani. Nilirudi usiku ule, nikazima flashi, nikatumia mwanga wa balbu moja iliyokuwa juu ya mlango wa jikoni. Picha iliyoning'inizwa sebuleni kwao leo si ya maharusi. Ni ya vidole vya shangazi mkubwa vikikaza uzi, unga wa hina ukiwa bado kwenye kucha.

Jambo la ufundi ambalo bwana harusi angependa kulijua ni hili: kamera hukadiria mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina wangavu wa wastani, kwa hiyo ikiona kanzu nyeupe kumi zimejipanga hupunguza mwanga, na nyuso zetu nyeusi huzama zikabaki meno na macho. Mpiga picha anayejua kazi hupima mwanga usoni, si kwenye kanzu. Mkitaka mapambo ya kofia ya babu yaonekane, msimweke juani saa 6 mchana. Mwekeni barazani kivulini, uso ukitazama nje, na nakshi zitajitokeza zenyewe. Jua la adhuhuri kwetu huwa karibu utosini na hutia vivuli machoni ambavyo hakuna poda inayoviondoa.

Mjukuu wa Bagamoyo

Mimi na mume wangu tulirudia picha ya babu na bibi. Tulikuwa na nakala moja ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa kwa meno meno, wamesimama mbele ya mlango wa nakshi katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mlango bado upo na wenye nyumba walituruhusu bila malipo, lakini mara ya kwanza tulikwenda jioni na picha ikatoka bapa, nakshi hazionekani kabisa. Kaka yangu ndiye aliyegundua siri: miguuni pa bibi, katika picha ya zamani, kuna kivuli cha mpiga picha mwenyewe, kofia yake inaonekana. Mlango unatazama baharini, yaani mashariki, na mbele yake ni uwanja. Basi jua lilikuwa mgongoni mwa mpiga picha yule, na kwa kuwa kivuli kilikaribia urefu wa mtu, ilikuwa kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi. Tukarudi saa hiyo, na nakshi zikasimama kama zilivyosimama kwa bibi. Tulimwomba mpiga picha wetu aache kivuli chake kiingie. Alikataa kwanza, akisema watu watamwona hajui kazi.

Wifi wa Raskazone

Naandika kwa sababu ya lililonipata. Usiku wa hina ni wa wanawake, watu wamevua mitandio, wanacheza, na hapo ndipo penye picha za familia hasa. Tulikodi studio moja, sitaitaja, ikatuletea mpiga picha mwanamke kama tulivyoomba, tukaridhika. Wiki ya pili picha tatu za ukumbini zilikuwa mtandaoni kama tangazo la biashara yao, na shangazi yangu aliyefika pale akiamini ni faragha akaonekana akicheza bila mtandio. Ziliondolewa baada ya siku mbili za ugomvi, lakini zilikwishazunguka kwenye simu za watu wa mtaa. Shangazi hajaingia shughuli yoyote tangu siku hiyo.

Mdogo wangu alipoolewa tuliandikiana karatasi ya ukurasa mmoja: picha za usiku wa hina hazitangazwi, zinakabidhiwa zote pamoja na kadi ya kuhifadhia, na albamu yake inachapwa peke yake. Simu za wageni zilikusanywa mlangoni katika kapu la ukili. Wapo walionuna.

Bwana harusi kutoka Muheza

Langu ni fupi. Mama yangu alifanya kazi korona, kiwandani mwa mkonge, kwa miaka mingi, na mkonge huo, uliofika pwani yetu mwaka 1893, ndio ulionisomesha. Alisuka kamba nyembamba ya singa, tukafungia maua ya bi harusi badala ya utepe. Kanisani hakuna aliyeiona isipokuwa mpiga picha, ambaye nilikuwa nimemweleza kabla.

Mvuvi mstaafu, Bagamoyo

Vijana, mnaniacha niseme la bahari. Mjukuu wangu alitaka picha ya maharusi ufuoni, mbele ya ngalawa niliyoichonga mwenyewe, saa 11 jioni, ufuo ukiwa mpana kama anavyouona asubuhi. Harusi iliangukia tarehe 14 ya mwezi mwandamo. Sikuulizwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwetu maji hujaa alasiri, na walipofika yalikuwa yamefika kwenye kuta, ngalawa inaelea, shela limelowa hadi magotini. Anayetaka mchanga jioni asubiri maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kama wiki moja baadaye, maana kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Na wageni wanaokuja kutafuta jua linalozama baharini waambieni kwamba pwani yetu inatazama mashariki. Jua letu hutoka baharini na kuzama nyuma ya minazi.

Hata hivyo walipata picha. Bwana harusi alikwenda kuswali Magharibi, na aliporudi mwezi ulikuwa umechomoza juu ya maji, mkubwa, umeweka njia hadi kwenye ngalawa. Kijana wa picha alitumia kiti cha plastiki badala ya kile kigoda chake cha miguu mitatu cha kuwekea kamera, akawaambia wasipumue.

Mwenyeji wa Ngamiani

Shikamoo mzee, na ninyi nyote nawashukuru. Nimeangalia kalenda: harusi yetu ni tarehe 21, kwa hiyo jioni maji yatakuwa yamekupwa, ingawa si sana. Karatasi ya makubaliano nimeanza kuiandika, na mpiga picha amekubali kuja siku mbili kabla. Kilemba cha babu mama amekitoa kabatini leo asubuhi. Kina alama ya kutu palipokaa pini, na amekataa katakata kisifuliwe.