Hitilafu ndani ya hitilafu: njia ipi inahifadhi kosa la kwanza?

Fundi_Uyole: Wanajukwaa, heshima kwenu. Ninaandika kwa Python (lugha ya kuandikia programu) mfumo wa mapokezi ya kahawa kwa chama cha msingi huko Mbozi. Mtandao ukikatika, kanzidata hurusha hitilafu ya muunganisho, sehemu ya malipo huidaka na kurusha ya kwake, na karani huishia kuona «Malipo hayakuhifadhiwa». Je, niiache ya kwanza ipite ilivyo, niiandike kwenye logi (kumbukumbu ya matukio ya programu) kisha nirushe mpya, au niifungie ndani ya mpya?

Binti_Mafinga: Ifungie, kaka. Andika `raise HitilafuYaMalipo("Risiti haikuhifadhiwa") from e`, na ya kwanza, yaani hiyo `e`, itakaa kwenye `__cause__` (nafasi ya chanzo ndani ya ile mpya). Hata ukisahau `from`, Python 3 huihifadhi yenyewe kwenye `__context__`. Kwa hiyo nashuku kosa lako halipotei pale inaporushwa mpya, bali pale logi inapoandika `str(e)` (maneno ya hitilafu ya mwisho) peke yake. Tumia `logging.exception`, nayo itachapa mnyororo wote wa hitilafu. Kuandika logi katika kila ngazi ni kero tupu: tukio moja linaonekana kama matukio manne.

Mzee_Kihesa: Naafikiana na binti yangu, ingawa kuiacha ipite ilivyo kuna faida yake, kwa kuwa msimbo wa juu unaoamua kujaribu tena huitambua hitilafu kwa aina yake, na ukishaifunga itakubidi ukague `__cause__`. Wanaotumia lugha ya C# wajihadhari pia: `throw;` hutunza mahali kosa lilipoanzia, lakini `throw ex;` huanza kuhesabu upya kutoka mstari huo.

Kijana_wa_Soweto: Shikamoo mzee. Kwenye lugha ya Java, kiunda cha hitilafu (kinachoitengeneza) kimekuwa kikipokea chanzo tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002, hivyo kutokukipitisha ni uvivu tu. Hatari iliyofichika zaidi ni `finally`, sehemu inayotekelezwa kila mara, kosa liwepo au lisiwepo: kufunga muunganisho kukishindikana humo, hitilafu mpya huifuta ya awali. `try` yenye rasilimali (inayofunga muunganisho yenyewe), iliyokuja na Java 7, huiacha ya awali iwe kuu na ile ya kufunga huiambatisha pembeni.

Fundi_Uyole: Ahsanteni. Dada, nimekagua logi na ni `str(e)` kweli. Zaidi ya hapo, kuna `return` (amri ya kutoka na kurudisha jibu) ndani ya `finally` ya sehemu ya malipo.

Binti_Mafinga: Iondoe leo hii. Hiyo huimeza hitilafu nzima bila kuacha alama, na hakuna `from` itakayoirudisha.