Mama anataka kufua nguo za ajali, nimzuie?

Wadau, Jumamosi usiku gari dogo lilimgonga mdogo wangu akiwa kwenye bodaboda, Kimara. Amevunjika paja, yupo wodini. Helmeti imepasuka, suruali imeganda damu. Mama hataki hata kuiona, anasema ifuliwe au ichomwe. Fundi naye anataka kunyoosha pikipiki leo. Tunataka kudai fidia kwenye bima ya gari lile. Nifanyeje?

— Pole sana dada. Usifue kitu! Anika nguo kivulini zikauke kabisa, kisha zitie kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa nailoni huozesha damu. Andika tarehe juu yake.

— Fundi asiguse hata boliti mpaka trafiki aikague na kuandika ripoti. Mwaka juzi mimi nilitengeneza yangu haraka haraka, watu wa bima wakaniuliza ushahidi uko wapi. Hadi leo inaniuma. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, mnayo?

— Ipo, kaka.

— Toa kopi. Kwa namba ya gari utaangalia bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Halafu rudi Kimara leo leo, piga picha alama za breki kabla hazijafutika, uliza maduka yenye kamera. Picha hazikai humo milele.

— Asanteni. Helmeti nimeshaitoa kwenye beseni la mama.