Mrejesho: Hasira zangu kwenye kumite (mapambano ya mazoezi ya karate)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Miezi mitatu nyuma niliomba ushauri: nikipigwa ngumi moja tu ya uso kwenye kumite, napandwa na hasira, nasahau mbinu zote, narusha mikono kama nafukuza nyuki.

Aliyesema nirudi kwenye Sanchin, ile kata (mfululizo wa hatua na mbinu wa kufanya peke yako) ya kupumua na kukaza mwili, asante sana mkuu. Nimeifanya kila asubuhi, taratibu, navuta pumzi puani na kuitoa mpaka tumbo linakaza. Kusema kweli niliidharau kwa vile hatua zenyewe ni chache. Sasa nikiguswa natoa pumzi kwanza, mabega yanashuka, ndipo naona mkono wa pili unakuja.

Ule ushauri wa kuhesabu hadi kumi haukunifaa. Nilifika mbili nikala teke la mbavu.

Na sijapona kabisa. Jumamosi dogo mmoja wa mkanda wa njano alinipata, akacheka. Nikamrudishia kwa nguvu, damu puani. Sensei (mwalimu wetu) akaniketisha seiza, yaani kupiga magoti na kukalia visigino, hadi miguu ikafa ganzi. Nimemwomba radhi dogo, na nimeomba nipangwe naye tena, polepole, bila kugusana uso.