Jasusi Mdigo wa 1915: historia yake mbona haishiki?

Mchovya_Wino:
Wakuu, salaam. Naandika riwaya ya Vita vya Kwanza vya Dunia upande wetu huku. Mhusika wangu Athumani ni Mdigo wa miaka 24. Kasoma misheni Magila, Kiingereza anakijua, anauza ng'onda (samaki wa kukaushwa) kati ya Tanga na Vanga, mji wa pwani upande wa Mwingereza. Anahesabu askari wa Mjerumani, na Aprili 1915 anakutana na ofisa wa Kiingereza palepale Vanga. Baba yake aliuawa Majimaji, ndipo chuki ilipoanzia. Walionisomea rasimu wote wanasema haaminiki. Nimekosea wapi?

Bandarini:
Kazi umeipatia, usiiguse. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na mchuuzi wa ng'onda akionekana njiani kila wiki hakuna anayeuliza.

Magila ndiyo itakayomnyonga. Ile ilikuwa misheni ya Waingereza ndani ya himaya ya Mjerumani, na vita vilipoanza walimu wake Waafrika walikamatwa kwa tuhuma za kuwasiliana na adui. Martin Kayamba, Mwafrika aliyesomeshwa na misheni za Waingereza, alikuwa Tanga wakati huo; naye alifungwa kwa kushukiwa hivyohivyo. Kijana wa Magila anakuwa wa kwanza kwenye orodha. Mfanye kasoma chuo cha Kurani tu, na Kiingereza asikijue hata neno. Mbele ya Mzungu, mbeba ng'onda asiyejua kitu haonekani kabisa, na hapo ndipo penye nguvu yake.

Ila usisahau kwamba Mzungu siye wa kuogopwa. Wa kuogopwa ni jumbe wa kijiji na mwenye nyumba anakolala, maana hao wataanza na "kwenu wapi, mjomba wako nani?" Kwa Wadigo wa enzi hizo urithi ulipita kwa mama, kwa hiyo mjomba ana uzito kuliko baba. Umeandika kurasa nne za baba, mjomba hana hata jina! Mpe mjomba, mpe kijiji cha mjomba, na awepo mtu mmoja hai anayeweza kuthibitisha.

Majimaji iondoe. Vile vita vya 1905 hadi 1907 vilikuwa kusini, havikufika Tanga. Sababu ya karibu inatosha: kaka yake kachukuliwa kwa nguvu kuwa mpagazi, au ana deni dukani.

Bi_Kumbukumbu:
Naongeza vitu vidogo vinavyokamatisha watu.

Pesa. Upande wa Mjerumani rupia moja ni heller 100, upande wa Mwingereza rupia moja ni senti 100. Pande zote mbili zina sarafu zenye tundu katikati, na gizani utazichanganya. Sarafu moja ya senti 10 ikidondoka kwenye kikapu mbele ya askari pale Tanga, una sura nzima ya kitabu. Ila heller 5 yenye tundu ilitoka 1913, usiiweke utotoni mwake.

Maneno. "Shule" ni Kijerumani. Unguja na upande wa Mwingereza walisema skuli. Akijifanya mtu wa Mombasa halafu likamponyoka "shule", kwisha habari yake.

Kipande, yaani kitambulisho cha kazi: usimvishe shingoni akiwa upande wa Mwingereza. Kile cha Kenya kilianza kutumika baada ya vita. Mjerumani alikuwa na chake, lakini kilikuwa kadi ya siku za kazi ya vibarua wa mashambani.

Na Vanga ya Aprili haiwezekani. Baada ya kushindwa pale Jasin mpakani, Januari 1915, Waingereza waliliacha bonde la mto Umba, Vanga ikiwemo. Huyo ofisa angekuwa anafanya nini pale peke yake?

Mchovya_Wino:
Asanteni sana. Sasa mtu asiyeandika ahesabu nini, na akumbuke vipi?

Bandarini:
Asihesabu vichwa. "Askari 412" ni hesabu ya mtu aliyekaa na daftari. Ahesabu kampuni, maana moja ina askari kati ya 160 na 200, na ahesabu bombom (bunduki za rashasha) zake, mbili hadi nne. Stesheni ya Tanga atazame mabehewa yanayokwenda Moshi yamebeba nini, na yanarudi na nini. Kumbukumbu ziwe mafundo kwenye kamba anayofungia ng'onda: fundo kubwa kampuni, dogo bombom. Kosa linalofaa hadithi: mteja anunue mzigo mzima, kamba yake ikiwemo.

Na uhamishe mwezi. Aprili ni masika, Umba umejaa na ng'onda inaota ukungu.

Mchovya_Wino:
Niweke Julai basi?

Bi_Kumbukumbu:
Ramadhani ya mwaka ule ilianza katikati ya Julai, na wewe umemwandika anakula muhogo njiani mchana. Weka Septemba.