Kupamba kona ya mtoto mchanga kwa hadithi na kazi za mikono: naomba ushauri wenu

Mama Mtarajiwa, Nyegezi

Habari zenu, ndugu zangu. Ninatarajia kujifungua mtoto wangu wa kwanza masika yatakapoanza. Mimi na mume wangu tungependa kona atakayolala, ndani ya chumba chetu, ipambwe kwa hadithi badala ya stika za ukutani zinazouzwa mjini, ambazo karibu zote zina wanyama wa nchi za mbali ambao mtoto wa Mwanza hatawaona hata akivushwa kwenda kisiwa cha Saanane kutazama wanyama. Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hapendi misumari, na ukuta unaoelekea ziwani hushika unyevu mvua zikikolea. Nilivyo navyo ni vipande vya vitenge nilivyopewa na fundi cherehani, maboksi, uzi wa katani na vitabu vichache vya picha.

Nimewaza kuchana kurasa za vitabu hivyo na kuzibandika juu ya kitanda cha mtoto. Kisha, kwenye ukuta mkavu, nimchore Masala Kulangwa, shujaa wa hadithi za Wasukuma, akipambana na zimwi Shing'weng'we, kwa kuwa ndiyo hadithi niliyolelewa nayo na bibi yangu, nami natamani mwanangu akue nayo. Je, mambo haya yanamfaa mtoto mchanga? Na vitabu vitakavyobaki niviweke wapi ili visiwe pambo tu?

Mwalimu wa Awali, Ilemela

Hongera sana, dada, na Mungu akujalie ujifungue salama. Nakuomba sana usichane vitabu, kwa sababu mtoto atakayeanza kufungua kurasa kwa mikono yake atahitaji kitabu kizima, chenye mwanzo na mwisho. Kama unapenda picha za kubandika, upo mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambao umeweka mtandaoni vitabu vingi vya watoto bila malipo, vikiwemo vya Kiswahili. Leseni zake ni huria, hivyo unaruhusiwa kuchapa kurasa na kuzitumia, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki yakionekana. Pakua kitabu kimoja, kipeleke steshenari, chagua kurasa chache tu zenye picha kubwa.

Kuhusu picha zenyewe, ni vizuri ujue kwamba mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani umbali wa uso wa mama anaponyonyesha, na kinachomvuta zaidi ni weusi na weupe uliokaa pamoja. Rangi huanza kuzipambanua vizuri kadiri miezi inavyosonga. Kwa sababu hiyo, mchoro mkubwa wa ukutani katika majuma ya mwanzo utakuwa wenu ninyi wazazi kuliko kuwa wake. Sisi watu wa ziwani tunaye ndege anayefaa kabisa kwa kazi hii: yule mdiria mweusi na mweupe anayeelea hewani juu ya maji, akipiga mabawa mahali pamoja kabla ya kujitupa kuchukua samaki. Mkate kwa karatasi nyeusi, mbandike juu ya boksi jeupe, kisha mshikie mtoto karibu akiwa macho na umsimulie mdiria anafanya nini.

Vitabu vishonee mifuko. Chukua kitambaa kizito chenye urefu wa kutoka bomba la pazia hadi karibu na sakafu, ushone juu yake safu za mifuko ya kitenge yenye kina kifupi, ili jalada la kitabu lichungulie zaidi ya nusu. Pindo la juu lipitishe ufito, na ufito huo uufunge kwenye bomba la pazia lililopo tayari, bila msumari hata mmoja. Safu ya chini kabisa ifike karibu na sakafu. Mtoto akianza kutambaa ataifikia mwenyewe, na hapo ndipo vitabu vitakapoacha kuwa pambo. Mtoto huchagua kitabu kwa kuiona sura yake ya mbele. Mgongo wa kitabu haumwambii chochote.

Muuguzi wa Kliniki ya Mama na Mtoto, Igoma

Nakubaliana na Mwalimu, lakini naomba tuanze na kitu ambacho hakijatajwa, nacho ni chandarua. Mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa ina malaria ya kutosha, kwa hiyo pambo lolote lipangwe lisikiguse chandarua chenye dawa kama ulichopewa kliniki. Nimeona akina mama wakikishonea maua, wengine wakikibana kwa pini ili kining'inize vinyago, na tundu la pini likipanuka huwa mlango wa mbu. Kikichafuka, kifue kwa sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, kwa maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa.

Ndani ya kitanda kisiingie pambo lolote. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu kiasi lenye shuka lililobanwa vizuri, bila mto, bila mdoli wa kitambaa, bila blanketi zito, mpaka atimize mwaka mmoja. Mmefanya vema kumweka chumbani mwenu. Wataalamu wa watoto wanashauri hivyo kwa angalau miezi sita ya mwanzo.

Ukitumia maboksi yako kutengeneza mapambo ya kuning'iniza, tuseme mitumbwi, ifunge mbali na pale mkono wa mtoto unapofika, na uiondoe kabisa mara tu atakapoanza kujiinua kwa mikono au kukaa, kwa kawaida kuanzia mwezi wa tano, kwa sababu uzi wa katani unaweza kumnyonga. Ukishona samaki au ndege wa kitambaa, macho yao uyadarizi kwa uzi. Usiweke vifungo wala shanga. Kipimo rahisi ni hiki: kitu chochote kinachopenya katika bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumpalia mtoto, na hatari hiyo haiishi kabla ya miaka mitatu.

Kuhusu rangi, tafadhali usipige msasa ukuta wa zamani ukiwa mjamzito. Rangi za zamani, hasa za mafuta, huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwako na kwa mtoto. Mume wako au fundi apake rangi ya maji wiki kadhaa kabla ya kujifungua, na madirisha yaachwe wazi.

Fundi Seremala, Buzuruga

Ukuta unaoelekea ziwani usiubandike karatasi. Ukungu utaota nyuma yake kabla hujauona. Gundi ya uji wa ngano nayo itakuletea mende. Bandika kurasa kwenye boksi gumu, kisha uliegemeze boksi ukutani juu ya kabati, ili uweze kulitoa na kulianika. Jambo jingine ni taa: wadudu wa ziwani huifuata jioni na kufia kwenye kilicho karibu nayo, na wakifutwa huacha madoa ya kijani yasiyotoka kwenye karatasi. Picha zikae mbali na taa na dirisha.

Bibi wa Magu

Mjukuu wangu, nimefurahi mno kusikia kwamba bado mnaikumbuka hadithi ya Masala Kulangwa, tena umeikumbuka ukiwa katika hali hiyo, maana kwa namna tunavyoisimulia huku kwetu, zimwi lilipowameza watu wote na mifugo yao, aliyesalia ni mwanamke mjamzito aliyejificha kwenye makapi, na huyo ndiye aliyemzaa Masala Kulangwa.

Ila usianze na zimwi. Kumbuka mtoto yule, kabla hajalikuta, alimletea mama yake panzi akauliza, "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" Mama akamwambia siye. Akaleta ndege, akaleta paa, na kila mara jibu likawa lile lile. Hizo ndizo picha za mtoto mdogo: panzi, ndege, paa, kila mmoja mkubwa kuliko aliyemtangulia. Zishonee kitabu cha kitambaa cha marekani, kurasa zikunjwe pindo mbili ili zisichanike, na viumbe vikatwe kwenye vitenge vyako. Akikitia mdomoni utakifua. Ukurasa wa mwisho uache mtupu, ushone Shing'weng'we siku mtoto atakapoanza kukuuliza mwenyewe yuko wapi.

Mama Mtarajiwa, Nyegezi

Asanteni sana, na shikamoo Bibi. Vitabu sitavichana. Mume wangu atapaka rangi mwezi huu, nami nitakaa nje wakati huo nikishona mifuko. Mitumbwi nitaining'iniza upande wa kabati, mbali na chandarua. Naomba niulize moja tu, Bibi: paa nimkate kwenye kitenge chenye maua, au nitafute kisicho na maua ili mtoto amtambue kwa umbo?

Bibi wa Magu

Kisicho na maua, mjukuu wangu. Maua mpe panzi, huwa anakaa humo.