Naomba ushauri: induksheni ya funksheni mbili zinazoitana

Wakuu, habari zenu. Nina wiki ya pili nimekwama, naomba mnisaidie.

Natumia Coq, programu ya kuandika na kuhakiki uthibitisho wa kihisabati kwa kompyuta. Nina aina mbili zinazotegemeana: mti una namba na msitu wa matawi, msitu ni mtupu, au ni mti ukifuatwa na msitu mwingine. Nimeandika geuza_mti na geuza_msitu, kila moja inaita mwenzake, zinapindua mpangilio wa matawi. Nataka kuthibitisha kwamba ukigeuza mti mara mbili unarudi ulipoanza.

Nikiita induction (induksheni: kuthibitisha dai la kitu kizima kwa kudhani ni kweli kwa sehemu zake ndogo) juu ya mti, napewa msitu bila dhana yoyote juu yake, kwa hiyo sisongi mbele. Hilo nimelitatua kwa amri ya Scheme: nathibitisha madai mawili kwa pamoja, la mti na la msitu. Ila bado lema (dai dogo la kusaidia) ya kati, kwamba kugeuza misitu miwili iliyounganishwa ni sawa na kugeuza kila mmoja na kuiunganisha kinyume, ilibidi niibuni mwenyewe.

Hapo ndipo penye shida yangu. Nina jozi nyingi za funksheni za namna hii, na siwezi kubuni lema kwa mkono kila mara. ACL2, programu nyingine ya uthibitisho, nayo haichagui induksheni yenyewe kwa funksheni zinazoitana. Inabidi uzikunje ziwe funksheni moja yenye bendera, yaani kigezo cha kusema ni ipi kati ya zile mbili inaitwa.

Je, kuna aliyefanikiwa kuifanya mashine itafute lema kama hizo? Au nibadilishe mti uwe na orodha ya kawaida ya matawi?